Namba Kumi na Mbili na Njia ya Tuta

Jumatatu, 29 Aprili

Asubuhi ilianza vizuri, ikaharibika saa nne na robo. Bi Aukje, mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli cha Skierbuorren, kaja mlangoni na bahasha mkononi, nikamkaribisha kahawa, kakataa. Katika kijiji hiki mtu akikataa kahawa saa nne na robo ujue kaja na habari za msiba.

Ndani ya bahasha: majibu ya dodoso. Wanachama ishirini waliombwa waziainishe upya njia zetu zote kabla ramani mpya haijachapishwa. Daraja A ni kijani, njia ya mandhari, ya kuendesha kwa raha. Daraja B ni buluu, ya kwendea kazini, shuleni na dukani. Daraja C ni kijivu, ya kuunganisha tu, unapita kwa kuwa huna jinsi.

Njia ya Tuta imepewa C.

Njia yangu! Niliichora mimi, Durk Ypma, katibu wa ramani, miaka ishirini na minane iliyopita, kwa penseli, wakati bado nina nywele. Kilomita kumi na moja juu ya tuta la kuzuia bahari. Mabenchi sita. Kondoo wasio na idadi. Leo ni kijivu, rangi ya bomba la maji machafu. Na iliyopandishwa kuwa kijani ni Njia ya Miti, ambayo, eti kwa bahati tu, inapita mbele ya mgahawa wa chapati za maji wa Gosse. Gosse ni shemeji yangu, kaka yake Hinke, mke wangu. Nimemvumilia muda mrefu.

Waliojibu hawakutajwa majina, wamepewa namba, na Bi Aukje kayapiga chapa majibu yote kwa mkono wake ili mwandiko usijulikane. Wengi wameandika neno moja moja. Namba kumi na mbili kaandika aya nzima. Nainakili hapa ili hasira isije ikapoa:

"Njia ya Tuta ni upepo, mavi ya kondoo, halafu upepo tena. Ukisema husikiki, ukiambiwa husikii. Nimepita pale miaka ishirini na minane na nilichokiona ni mgongo wa mtu. Naomba njia ambayo watu wawili wanaweza kuzungumza."

Nimemsomea Hinke mezani kwa sauti. Kasikiliza mpaka mwisho, uma umesimama hewani. Kaniuliza naonaje. Nikasema naona ni maneno ya mtu mvivu mwenye roho mbaya. Akarudisha macho kwenye viazi vyake. Huwa hapendi fitina za chama.

Lakini baya zaidi lilikuja wakati wa kuosha vyombo. Alhamisi ya wiki ijayo ni Sikukuu ya Kupaa. Chama kizima tunaamka alfajiri kwenda kukanyaga umande, ndivyo tunavyoita safari ya baiskeli ya siku hiyo, na msafara hufuata njia ya kijani. Kila mwaka tumeuongoza mimi na Hinke kwa baiskeli yetu ya watu wawili, mimi mbele, yeye nyuma. Nikamwambia aanze kujiandaa. Kasema mwaka huu hajui. Anafikiria achukue baiskeli yake ya umeme, aende peke yake.

Peke yake! Nitalala nalo hilo neno. Nimepiga hesabu na jibu ni moja: tuta likirudi kijani, Hinke atarudi kwenye kiti cha nyuma. Anayesimama katikati yetu ni namba kumi na mbili.


Jumanne, 30 Aprili

Ni Gosse. Ushahidi: alijiunga na chama mwaka uleule wa tuta. Ana magoti mabovu, kwa hiyo siku zote huwa wa mwisho, na wa mwisho anaona migongo. Ana chapati za kuuza. Nini tena?

Nikaenda kwake nimtege. Mpango: nitamke namba hiyo ghafla mbele yake, nimtazame usoni. Mhalifu hujulikana kwa kope. Nikasimama kaunta, nikangoja ainue macho, nikasema kwa sauti nzito, kumi na mbili. Kope hazikucheza. Kasema sawa shemeji, kaingia jikoni. Baada ya nusu saa katoka na chapati kumi na mbili, sita za nyama ya nguruwe, sita za tufaha. Kaniuliza kama tuna wageni.

Sikuweza kusema nimekuja kupeleleza. Nimerudi nazo kwenye boksi, nimeendesha kwa mkono mmoja, upepo wa mbele njia nzima.

Hinke kafurahi mpaka nimeshangaa. Kasema sijawahi kumletea chapati hata siku moja. Kala mbili za tufaha akiwa amesimama. Sikumharibia kwa kumweleza.


Jumatano, 1 Mei

Nimewasilisha rufaa. Kurasa tisa, na viambatisho. Hoja yangu kuu: dodoso ni maneno, na njia haiainishwi kwa maneno, inaainishwa kwa magurudumu. Wahesabiwe wanaopita!

Bi Aukje alikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini na tano na hawezi kukataa kitu kinachohesabika. Kakubali. Kesho mpira wa kuhesabia, mwembamba kama wa kumwagilia, utalazwa barabarani, mmoja kwenye tuta, mmoja kwenye miti. Kila gurudumu likipita juu yake, mashine inaandika saa na upande linakoelekea. Kasema kwa upole kwamba atakubali matokeo yoyote, na kwamba anatumaini nami nitayakubali. Nikamwambia mimi maisha yangu yote nimekubali ukweli.


Alhamisi, 2 Mei

Saa moja na nusu nilikuwa kwenye tuta. Mpira umelala, mweusi, mzuri. Hadi saa mbili hakuna aliyepita isipokuwa kondoo wawili, na kondoo hawahesabiki, nimewajaribu.

Nikapita mimi. Nikageuka. Nikapita tena. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa natathmini njia. Lakini tathmini nzuri inahitaji kurudiwa.

Nilibeba kofia tatu nibadilishe, kisha nikakumbuka mashine haina macho. Hata hivyo nilizibadilisha. Saa nne kamili nikapumzika kwenye benchi la tatu, nikanywa kahawa yangu ya chupa na biskuti moja, nikarudi kazini saa nne na dakika ishirini. Kufika saa sita miguu ilikuwa inatetemeka. Mara mia mbili na kumi na mbili!

Hinke kauliza kwa nini natembea kama nimetoka kupanda ngamia. Nikasema baridi yabisi. Kanikanda vigimbi kwa mafuta ya kafuri. Yeye ni mwanamke mwema, ndiyo maana siwezi kukubali anyang'anywe njia yake.


Ijumaa, 3 Mei

Aibu.

Kikao cha kamati, ukumbi wa kanisa, watu sita na sahani ya keki. Bi Aukje kasimama na karatasi ya mashine. Kasema Njia ya Miti walipita watu themanini na watatu. Tuta, mia mbili na kumi na nne. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Halafu akavaa miwani ya kusomea. Kasema ameona jambo dogo la kuvutia. Wapitaji wa tuta, mmoja anakwenda kaskazini, wa pili kusini, wa tatu kaskazini, wa nne kusini, na hivyo hivyo hadi mwisho, kila baada ya sekunde sitini na mbili. Wote mwendo uleule. Na saa nne kamili watu wote mia mbili wa tuta wakaacha kupita kwa dakika ishirini.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo liliniuma. Gosse alikuwa anasogeza makombo ya keki kwa kidole. Bi Aukje kasema wawili waliobaki ni mtu wa posta, kwenda na kurudi, kisha akauliza kama tunaweza kuendelea na ajenda. Tuta limebaki kijivu. Ramani itakwenda kwa mchapaji Ijumaa ijayo, msafara wa Kupaa utapita kwenye miti.

Nina uchungu hadi kwenye ulimi. Miaka ishirini na minane! Nimekwangua kutu kwenye vibao vile, nimefukuza kondoo, nimeng'oa magugu kwenye miguu ya mabenchi kwa mikono hii. Wakanihukumu kwa sababu ya kahawa.


Jumamosi, 4 Mei

Naandika na bisibisi bado iko mfukoni.

Fikra ilikuwa hii. Kwenye makutano yetu kila nguzo ina vibao vidogo vyenye namba ya makutano unayoelekea na mshale. Kwenye makutano 31, kibao cha 48 kinaelekeza kwenye miti, kibao cha 52 kinaelekeza kwenye tuta. Ukivibadilisha nafasi, msafara wote unakwenda baharini. Watapanda tuta, jua litachomoza juu ya maji, watalia machozi, na namba kumi na mbili ataonekana mpumbavu.

Nilihitaji saa ambayo hakuna mtu nje. Leo ni siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani, bendera nusu mlingoti, na saa mbili za usiku kijiji kizima husimama mbele ya mnara wa kumbukumbu. Nikamwambia Hinke nina mafua. Kanitazama sana. Jina la babu yake limechongwa pale. Kaenda peke yake.

Saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa makutano 31 na bisibisi, jua la Mei bado liko juu. Nimetoa skrubu mbili, kibao cha 48 kimeshuka mkononi mwangu, na papo hapo kengele ya kanisa ikalia.

Ukimya wa dakika mbili. Hapa kwetu kila kitu husimama. Trekta husimama shambani. Nami nikasimama, mtu hawezi kukosa adabu kiasi hicho. Na hatua kumi mbele yangu, baiskeli yake imeegemea paja, kofia kifuani, kasimama Gosse. Alikuwa amechelewa kwenye mnara.

Dakika mbili, uso kwa uso. Kukificha kibao kungekuwa kutikisika, na kutikisika ni kuwavunjia heshima marehemu. Kwa hiyo nikakishika hivyo hivyo, kifuani, namba 48 ikimtazama. Pua inawasha. Ndege wanaimba kama hawana habari. Nikamfikiria babu yao na nikaona haya, kwa dhati, pengine kwa dakika nzima. Macho ya Gosse hayakuwa na hasira. Ningependa yangekuwa nayo.

Kengele ikalia tena. Nikangoja matusi.

"Shemeji," akasema, "skrubu yako moja imeangukia majanini."

Akapiga magoti, yale magoti mabovu, akaitafuta, akaipata. Akakishika kibao mahali pake huku mimi nakaza. Kazi ikaisha. Alipopanda baiskeli ndipo akasema:

"Acha kumtafuta namba kumi na mbili, Durk. Utampata."

Vitisho! Sasa nina hakika kabisa kuwa ni yeye.


Jumapili, 5 Mei

Hinke kazungumza nami baada ya kahawa. Kasema ataendesha nami siku ya Kupaa, kwenye baiskeli ya watu wawili, nyuma, kama zamani. Masharti mawili. Twende njia waliyochagua watu, bila ugomvi. Na nisitaje namba kumi na mbili kutoka nyumbani mpaka kwenye chapati.

Kaongeza kwamba iwe njia moja tu, tuwe pamoja asubuhi moja, tuone. Sikuelewa tuone nini, lakini sauti yake ilikuwa laini na nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nikasema nakubali.

Nilikubali kwa moyo wote. Lakini hakusema chochote kuhusu vibao.


Jumatano, 8 Mei

Safari hii nimetumia akili. Nani yuko nje saa nne kamili asubuhi? Hakuna, mkoa wetu wote wa Friesland uko na kikombe mkononi. Bi Aukje mwenyewe alinifundisha hilo kwa karatasi yake.

Nikajinyima kahawa yangu. Makutano 31, dakika sita, vibao vimebadilishana. Nilikuwa nimeanza kurudi nikaingiwa na wasiwasi. Je, wakifika makutano yanayofuata wakagundua? Mimi si mtu wa kazi nusu. Nikaenda makutano 44, pale kwenye shamba la nguruwe, nikavibadilisha nafasi vya pale pia, kwa uhakika zaidi.

Niliporudi nikamkuta Hinke ananing'iniza makoti yetu mawili ya mvua ya kesho karibu na mlango. Kaoka mkate wa sukari wa njiani. Kauliza nilikuwa wapi saa ya kahawa. Nikasema nilikwenda kuangalia njia. Kasema vizuri, na kanikatia kipande cha pembeni, chenye sukari nyingi, ninachokipenda.

Nilikila nusu tu, nusu nikairudisha sahanini. Nadhani ni kukosa kahawa ya saa nne.


Alhamisi, 9 Mei. Kupaa

Saa kumi na moja alfajiri. Ukungu mzito, ukinyoosha mkono huoni vidole. Watu thelathini na wanne kwenye uwanja wa kanisa, kila mmoja na kikaratasi cha namba za makutano kwenye usukani. Gosse kabaki mgahawani anawasha majiko.

Nikakumbusha sheria ya msafara, niliyoiandika mwenyewe zamani: siku ya umande tunafuata vibao tu, hata kama mtu kazaliwa kwenye njia hiyo. Ndivyo tunavyoipima ramani. Wote wakaitikia, sheria ni sheria.

Tukaondoka. Hinke nyuma yangu, mwepesi, anakanyaga vizuri. Alikuwa anasema jambo kuhusu harufu ya majani mabichi, na kwa kuwa hakukuwa na upepo nilimsikia. Nikasema ee. Kwa muda nilikuwa na furaha, naliandika kwa kuwa ni kweli.

Makutano 31, tukageuka kama nilivyopanga. Makutano 44, tukageuka tena. Nikangoja mwinuko wa tuta. Badala yake ikaja harufu ya nguruwe. Kisha shimo la samadi, kushoto. Kisha makutano 31.

Kosa la kwanza lilitutoa kwenye miti, la pili likaturudisha tulikotoka. Nililielewa saa ileile. Lakini ningesema nini? Kusema vibao vina makosa ni kusema najua. Na kibao ni kibao, hata kama ni mimi niliyekigeuza. Nikafuata mshale. Watu thelathini na watatu wakafuata mgongo wangu.

Shimo la samadi, mara ya pili. Nyuma kuna aliyekohoa. Bi Aukje kauliza kutoka kwenye ukungu kama katibu wa ramani ana hakika. Nikajibu kwamba ramani ndiyo yenye hakika.

Shimo la samadi, mara ya tatu. Nguruwe walikuwa wameshaamka wanatutazama. Hapo nikapata wazo la kujiokoa. Nikageuza shingo, nikasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba huu ni mkono wa mtu, kuna mtu ameharibu vibao, na mtu huyo si mwingine ila namba kumi na mbili.

Hinke kakanyaga nusu mzunguko mwingine. Kisha kasema, si kwa ukali, karibu kabisa na sikio langu:

"Durk, namba kumi na mbili ni mimi."

Sikugeuka. Huwezi kugeuka ukiwa mbele, baiskeli itayumba.

"Miaka ishirini na minane natazama mgongo huu," akasema. "Naujua kuliko uso wako."

Nilipaswa kusema kitu. Nimelifikiria siku nzima, na ninajua kwamba mtu mwingine angekuwa na neno. Mimi nilichoona mbele yangu ni lile dodoso, ukurasa wa pili. Nikamuuliza, kama ni yeye, kwa nini swali la saba, la mabenchi, aliliacha wazi.

Kwenye baiskeli ya watu wawili, wa nyuma akiacha kukanyaga, wa mbele anajua papo hapo. Miguu yangu ikawa mizito kama ya risasi. Nikakanyaga mpaka makutano 31, nikasimama. Kashuka. Kachukua mkate wake wa sukari kwenye mkoba. Katazama nguzo, katazama vibao, kagusa skrubu kwa kidole. Mikwaruzo ya bisibisi ilikuwa mipya. Kageukia ukungu, kawaambia wenzetu chapati ziko upande ule, akaanza kutembea, nao wote wakashuka wakamfuata wakikokota baiskeli. Niliwasikia wakizungumza, wawili wawili, mpaka sauti zikapotea.

Nikabaki na sheria. Nikafuata kibao. Kuendesha baiskeli ya watu wawili peke yako ni kazi ngumu, nyuma inacheza. Nilizunguka mara moja zaidi ndipo nikaenda nyumbani.


Ijumaa, 10 Mei

Hinke hayupo. Baiskeli ya umeme haipo. Mswaki haupo.

Nilitafuta barua mezani, juu ya jokofu, kwenye droo ya ramani. Hakuna. Nimeipata saa tano, chooni, kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa inayoning'inia mlangoni. Mahali pekee, nadhani kafikiria, ambapo mimi hukaa bila ramani. Kaandika kwa penseli:

"Niko Aldeterp kwa Romkje. Jumapili saa nne, kahawa. Njoo kwa njia yoyote unayotaka. Usilete ramani. Nitakungoja mpaka saa tano."

Romkje ni dada yake. Aldeterp ni kilomita kumi na tisa. Nimesoma mara kadhaa. Mwandiko ulikuwa wa mtu ambaye hajakasirika, au ambaye amemaliza kukasirika. Nilikaa pale mpaka mguu ukafa ganzi.

Jioni Gosse kapita na boksi la chapati, kaliacha mlangoni. Za tufaha. Kasema kupitia kioo cha mlango kwamba Jumapili nisichelewe, basi. Nikamwambia mimi sijawahi kuchelewa mahali katika maisha yangu, na hilo ni kweli tupu.


Jumapili, 12 Mei

Naandika haya jioni, kwa utulivu, ili mambo yakae sawa kwenye kumbukumbu.

Niliondoka saa moja na nusu, nikiwa na muda wa saa mbili na nusu kwa kilomita kumi na tisa. Nilichukua baiskeli ya watu wawili ili turudi nayo. Nilivaa shati alilonipigia pasi. Ramani sikuchukua, kama alivyotaka. Nilichukua daftari, futi ya kupimia na kipima upepo tu.

Na hapo ndipo njia ilipoanza visa vyake. Sijui nani aliiainisha njia ya Aldeterp kuwa kijani. Lami imepasuka katika sehemu kumi na saba, nimezipima zote. Makutano 63 kibao kimeinama upande, na si kidogo. Je, nipite? Mgeni akipita pale akapotea, dhambi ni ya nani? Sikuwa na nyundo. Nikagonga kwa mwenye shamba, yuko kanisani. Nikangoja. Mahubiri ya huko ni marefu. Alirudi saa nne na nusu, akanipa nyundo, akauliza nakwenda wapi nimependeza hivyo. Nikamwambia nakwenda kwa mke wangu. Akasema basi nenda, bwana, kibao nitakigonga mimi. Lakini angegonga vibaya.

Nilifika saa sita kasoro dakika ishirini.

Mlango wa Romkje umefungwa. Kwenye meza ya bustani vikombe vitatu. Viwili vimenywewa. Cha tatu kimefunikwa kwa kisahani, na juu ya kisahani biskuti moja, imelowa kwa manyunyu. Kwenye kijia cha mchanga kuna alama za magurudumu ya baiskeli mbili, zinaelekea kwenye miti, sambamba, bega kwa bega, mwendo wa taratibu. Nilipima nafasi kati yake. Sentimita themanini. Inatosha kusikilizana.

Nikanywa kile kikombe, kimepoa. Nikala biskuti. Ningeweza kungoja, wangerudi. Lakini upepo ulikuwa unageuka kuwa wa mbele, na kazi ya tathmini ilikuwa imefika nusu tu, nikaona afadhali nirudi nimalize upande wa pili wa njia.

Nimemaliza. Kwa kweli nimeridhika na kazi hii, ni safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Njia ya Aldeterp: daraja C, kijivu. Sababu: mwenye kuifuata huchelewa hata akiondoka mapema. Nakala moja kwa Bi Aukje, asimamishe uchapaji kama hajachelewa. Nakala ya pili kwa Hinke, itakwenda na posta ya kesho, aone mwenyewe kwamba kosa halikuwa la mtu, lilikuwa la njia. Nadhani atafarijika.

Na swali la saba, yeye aliloliacha wazi, mimi nimelijibu kikamilifu. Mabenchi manne, yote ya watu wawili. Nimekaa kwenye kila moja kulijaribu.